Kikapu cha Vidaka na Mashine ya Kukatia Majani

Mwanahamisi mwanangu,

Salamu sikupi, maana uko chumba cha pili hapo na nakusikia unavyobishana na Bibi juu ya mkeka. Bibi anataka uende nao shuleni, wewe unasema huko milimani watu wanalala vitandani. Bishaneni tu. Mimi nimekaa huku nyuma kwenye kibanda changu cha vyuma, jua bado liko juu ya minazi, mikono inanuka petroli, na karatasi imeshapata doa. Samehe doa.

Nakuandikia kwa sababu kusema siwezi. Unanijua. Nikianza jambo nakimbia nalo mpaka nasahau nilikotoka, na wewe unanimalizia maneno kabla sijayafikia. Kwenye karatasi angalau hutanikatiza. Barua hii nitaichomeka ndani ya sanduku lako, chini ya kanga, na utaisoma ukishakaa kwenye treni, si kabla. Mambo ya kusali, kula, kufua na kuamkia wakubwa, hayo Bibi ameshakwambia na atakwambia tena kesho mpaka dereva wa lori apige honi. Mimi nataka tuzungumze habari ya mashine ya majani.

Usicheke! Najua unacheka. Baba mzima, mtoto anaondoka nyumbani, naye anaandika habari za mashine. Lakini mimi na wewe tunajua kwamba bila mashine ile usingekubali kupanda lori la kesho. Basi tuanzie hapo.

Unakumbuka uwanja ulivyokuwa zamani, kabla macho ya Bibi hayajaingia ukungu? Mimi naukumbuka tangu nikiwa mdogo. Jioni Bibi anafagia mchanga wote kwa ufagio wa chelewa, kuanzia mlangoni mpaka kwenye mnazi wa kwanza, anaacha mistari kama mtu aliyechana nywele. Alfajiri anatoka, anasimama kizingitini, hashuki. Anasoma. Nani kapita usiku, mtu au mnyama, kaenda wapi, karudi au hakurudi. Akimaliza kusoma ndipo anashuka. Nilipokuwa kijana wa kurudi usiku kutoka kwenye ngoma za Ushongo, nilikuwa naingia kwa kurukaruka juu ya mawe ili nisiache mguu, na bado asubuhi ananiuliza, "Ngoma ilikuwa nzuri?" Mchanga ulikuwa unanisengenya.

Halafu ukaja wewe. Mimi na mama yako tulikuwa watoto wawili tuliooana mbio, na tukaachana mbio vilevile, akarudi kwao Pemba wewe ndiyo kwanza unaanza kukaa. Sina neno baya juu yake. Nilimchagua kwa macho, naye hivyo hivyo, tukajikuta hatuna la kuzungumza. Bibi akakuchukua mgongoni. Mimi nikaenda kiwandani kubeba mkonge mbichi, na kila nikipata nafasi natazama korona, ile mashine kubwa ya kusaga mkonge, inavyozunguka. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa natazama inapofunguliwa, nakariri, usiku nachora mchangani. Siku fundi wao alipougua wakahangaika, nikasema, "Mimi naijua." Wakacheka. Nikaifungua, nikaifunga, ikazunguka. Nilirudi nyumbani nakimbia kutoka kiwandani mpaka hapa, nikakurusha juu mpaka Bibi akapiga kelele. Ulikuwa na meno manne. Ukanitapikia. Siku nzuri sana ile.

Macho ya Bibi yalipoanza kufifia, wewe ukawa unasoma uwanja. Hakuna aliyekutuma. Nakuona bado, umekaa kizingitini na Bibi, bado una usingizi, naye anasema, "Soma."

"Kuku wa Shomari, Bibi. Na paka."

"Paka kaenda wapi?"

"Kaenda kwa kuku wa Shomari."

"Mwache, hao kuku wamezidi."

Mimi nilikuwa nakunywa chai haraka haraka nyuma yenu, nawahi kiwandani, nasikia maneno hayo kama watu wengine wanavyosikia redio. Sikujua kuwa ni kazi. Nilidhani ni mchezo wa bibi na mjukuu.

Uwanja ni mchanga, lakini ukishavuka ule mnazi wa kwanza ni majani matupu. Masika yakipita yanafika kiunoni, na nazi zikianguka humo hazionekani. Ukawa unayafyeka wewe, kabla ya shule na baada ya shule, kwa lile fyekeo lenye mpini uliofungwa kwa mpira. Mimi siku zote kiwandani. Ikawa viganja vyako vigumu kuliko vyangu, mimi fundi! Jambo hilo lilinikera mno. Nikasema, lazima nipate mashine.

Na hapo ndipo alipokuja Bwana Harusi.

Cheka sasa, nakuruhusu. Nilikuwa nimeiona mashine ile kwenye bustani ya meneja wa kiwanda, inatembea juu ya ukoka wake uliolala kama zulia, visu vyake vimejipinda kwenye pipa, vinazunguka vinang'aa, nyuma rola, mbele kapu la kupokea majani. Nilisimama kwenye ua wake mpaka mbwa wakaja. Meneja alipohama nikaichukua, nikaacha baiskeli yangu. Baiskeli, Mwana! Nikaisukuma mashine kutoka kule mpaka hapa naimba peke yangu barabarani.

Watu wote walikuja. Jirani Shomari alikuwa juu ya mnazi wetu anaangua nazi, hakushuka, akasema ataona vizuri zaidi kutoka hukohuko. Nikavaa kanzu safi kuja kuwasha mashine, sijui kwa nini. Ikanguruma! Nikaisukuma kwenye majani, ikaenda kama hatua mbili tatu, ikameza kumbi la nazi, ikakwama. Nikalitoa kumbi. Nikawasha, ikameza kuti. Nikalitoa. Ikakuta majani yenyewe, marefu, ikayalaza chini kama mtu anayetandika kitanda, ikapita juu yake, yakainuka tena nyuma yangu.

Shomari akaita kutoka juu, "Fundi! Hiyo inataka kulishwa kwa kijiko!"

Nikamjibu, "Wewe shuka uje uisukume!"

"Nishuke nikafanye nini? Huku juu hakuna majani!"

Na Bibi, ambaye hakuwa anaona vizuri lakini alikuwa anasikia kila kitu, akauliza, "Imekata?" Ukamwambia, "Bado, Bibi. Inapendeza tu." Akasema, "Basi ni bwana harusi huyo. Mwekeeni kiti." Jina likabaki.

Nilikasirika siku nyingi. Nilisema makumbi ni mabaya, nilisema minazi ni mibaya, nilisema mpaka mchanga ni mbaya. Mashine haikuwa mbaya, Mwana. Ilikuwa nzuri kabisa, kwa bustani ya meneja. Mimi nilikuwa nimependa bustani ya mtu, nikaleta mashine yake kwenye shamba langu, nikategemea shamba libadilike. Nilikaa kwenye hiki kibanda nikaona kwamba sikuwahi hata siku moja kuinama kutazama kilicholala chini ya minazi yetu wenyewe. Uliyekuwa unainama ni wewe.

Basi ukarudi kwenye fyekeo, Bwana Harusi akafunikwa gunia.

Halafu akaja moma, yule nyoka wa sumu. Sitaandika mengi, ulikuwepo na mimi sikuwepo. Ninachokijua nilikisikia kwa Bibi. Kwamba asubuhi ile ulisoma ukasema, "Bibi, usishuke. Kuna mstari mnene umenyooka, hauna vidole pembeni." Kwamba ulifuata ule mstari kwa macho mpaka kwenye majani yaliyokuwa yamerudi karibu na ngazi, na moma alikuwa pale amejikunja, mnene kama mkono wangu, pale pale Bibi anapowekaga mguu. Kwamba ulimpiga kwa mpini. Niliporudi ulikuwa umekaa unamenya muhogo.

Wiki hiyo hiyo mwalimu akaja na habari kwamba umepata nafasi kwenye shule ya wasichana kule milimani. Mimi nikaruka! Niliruka mpaka kichwa kikagonga boriti. Nawe ukasema, "Siendi."

"Huendi wapi?"

"Shule. Siendi, Baba. Nani atamfyekea Bibi? Wewe uko kiwandani. Nikienda atamkanyaga moma."

Bibi akakugombeza, mimi nikakubembeleza, mwalimu akaja tena. Hukubishana na mtu. Ulitoka ukachukua fyekeo ukaanza kukata. Nilikutazama mgongo wako ukiinama na kuinuka, nikafikiri, huyu atainama hapo mpaka azeeke, na atakuwa na haki.

Ndipo nikasema, twende Tanga tukachague mashine nyingine. Wewe na mimi. Ukaniangalia kwa jicho lile la Bibi. Ukasema, "Sawa, lakini nachagua mimi."

Safari ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Kivuko cha Pangani, basi, vumbi, wewe na kikapu chako mapajani kimefunikwa kanga, hutaki kuniambia kuna nini. Nilidhani chakula. Nilikuwa na njaa, nikakiangalia njia nzima!

Dukani mwenye duka, yule mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa uzi, akatuonyesha mbili. Moja nyekundu, mpya, ndugu yake Bwana Harusi kabisa, rola, kapu, visu vya kupinda. Nyingine iko pembeni, sura mbaya, bati kama sufuria lililofunikwa kichwa chini, magurudumu manne, na chini yake kisu kimoja bapa kinachozunguka kama feni. Nami unajua nilifanya nini. Nilikuwa nimeshashika mpini wa ile nyekundu.

"Mwana, tazama rola hii! Tazama hii!"

"Baba, iachie kwanza."

Ukaweka kikapu juu ya meza yake, ukafunua kanga. Kumbi kavu. Kipande cha kuti. Kifuu. Vidaka viwili, vile vinazi vichanga vinavyoanguka kabla ya wakati. Na shada la majani yetu marefu, yamefungwa kwa kamba na mizizi yake na mchanga wake.

Mzee akasema, "Binti, soko liko kule mbele."

"Siuzi, mzee. Shikamoo. Hivi ndivyo vilivyolala kwetu. Nataka kujua mashine ipi inavila."

Alivua miwani. Akatazama vidaka, akanitazama mimi nimeshikilia mpini wa ile nyekundu kama mtu aliyeshika mkono wa mchumba. Akasema, "Marahaba. Hiyo aliyoshika baba yako, ukiipa kumbi, kesho itarudi hapa. Na mimi nitakuwa nimefunga."

Tukaenda nyuma ya duka na lile dude baya. Ukauliza kila kitu. Inakunywa petroli tupu au na oili? Na oili, vinachanganywa kabla. Kisu kikiwa butu? Unakifungua, unakinoa kwa tupa. Inapanda na kushuka? Inapanda, unainua magurudumu, maana ikikata chini sana kwenye mchanga kisu kinaliwa. Mimi fundi nimesimama pembeni nameza mate, hakuna swali hata moja lililonijia, nilikuwa nawaza rangi.

Ukavuta kamba ya kuwashia wewe mwenyewe. Ikakohoa. Ukavuta tena, ukaweka mguu vizuri, ikawaka! Ikapita juu ya yale majani ikayafanya tumbaku. Kuti likaenda. Kumbi likatoka pembeni nyuzi nyuzi. Halafu ikakutana na kidaka. Paa! Kidaka kikaruka kama risasi, kikapiga debe la mafuta ya taa ukutani, mzee wa watu akapanda juu ya kreti na viatu vyake. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa.

Ukasema, "Kwa hiyo vidaka viokotwe kwanza, na mtu asikae mbele."

"Binti," akasema, "wewe njoo uuze duka."

Halafu ukauliza swali la mwisho. "Mzee, inaona nyoka?"

Akaacha kucheka. Akasema, "Haioni. Lakini ardhi inatetemeka, nyoka anahama mapema. Kuona, utaona wewe."

Tulirudi na dude juu ya basi, nimelifunga kamba mimi, nashuka kila kituo kulitazama. Nilikuwa na furaha, nasema peke yangu. Wewe unatazama nje. Tulipokuwa tunasubiri kivuko ndipo ukasema, "Baba, majani yatakatwa. Lakini uwanja nani atausoma?"

Kivuko kikaja, tukapanda. Tulivuka mto nimeshika kamba za dude. Tulipofika ng'ambo, Bweni, nikasema, "Mimi."

Ukacheka, si kwa ubaya. "Wewe? Wewe unakimbia, Baba. Utaruka juu ya nyayo kabla hujaziona."

Neno hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli. Kila kitu changu nimekifanya kwa kuruka. Kazi niliipata kwa kuruka, ndoa niliipoteza kwa kuruka, Bwana Harusi ndiye huyo. Sioni haya kusema, maana ulikuwa unaona siku zote. Ila kuna mambo ambayo hayapatikani kwa mbio, na mojawapo ni kuusoma mchanga asubuhi kwa ajili ya mtu asiyeona. Ulinipa sharti lako palepale Bweni, mbele ya wapagazi. Ukasema utakwenda shule nikishaweza kusoma. Na nikiona kitu nisimdanganye Bibi ili asiogope. Kama si paka, nisiseme paka.

Siku ya kwanza unakumbuka. Nilitoka nikatupa jicho, nikasema, "Paka!" niwahi chai.

Bibi akauliza, "Kucha zipo?"

Nikarudi nikatazama. "Zipo."

"Basi si paka. Paka akitembea anaficha kucha zake. Huyo ni nguchiro. Chuchumaa, mwanangu. Hakuna anayesoma akiwa amesimama."

Mwanangu, aliniita. Nina mtoto anayekwenda shule ya bweni, na mama yangu ananifundisha kuchuchumaa. Nikachuchumaa. Kila alfajiri tangu siku hiyo, na wewe umekaa nyuma yangu umefunga mdomo kwa mkono usinisaidie. Nimechelewa kiwandani mara kadhaa. Wamenigombeza. Nimewaambia nilikuwa nasoma.

Majani nayo umeona. Naokota vidaka kwanza, nainua magurudumu, nazunguka kutoka ngazini kwenda nje ili kilichomo kitoke kwenda shambani, kisije nyumbani. Bibi anaziba masikio, analalamika kwamba namjazia vipande vya majani kwenye uwanja wake, na nikimaliza anapita na ufagio nyuma yangu kama mtu anayemfukuza mgeni. Lakini sasa mpaka mnazi wa tano pako wazi.

Sasa nikwambie jambo la leo alfajiri, ambalo hukulisikia kwa sababu safari hii ulilala, au ulijifanya umelala.

Nilitoka, nikachuchumaa. Bibi kizingitini. Akasema, "Soma."

Nikasema, "Kuku wawili, mama. Nguchiro hakuja. Hakuna mstari." Nikaangalia vizuri. "Na mguu wa mtu."

"Mtu gani?"

Sikuruka, Mwana. Nilikaa nao mguu ule. Nikasema, "Peku. Mwembamba. Kisigino hakikugusa sana, alikuwa ananyata. Ametoka mlangoni kwetu, amekwenda mpaka kibanda cha mashine, akasimama hapo kitambo, maana mchanga umekanyagwa pamoja. Halafu amerudi." Nikaenda kutazama. Dude lilikuwa limefunikwa gunia vizuri, pembe zimewekwa mawe. Mimi jana sikulifunika. Na kamba ya kuwashia ilikuwa imekunjwa kama unavyoikunja wewe.

Nikarudi nikamwambia Bibi, "Ni msafiri wako. Alikwenda kuiaga mashine."

Bibi akapapasa kizingiti kwa mguu. Halafu akasema, "Leo umesoma," akashuka ngazi, peke yake, bila kunishika bega.

Basi sharti limetimia, na shahidi ni Bibi. Ndiyo maana niliweza kukaa kuandika.

Kesho lori litakuja mapema. Bibi ameshasema kwamba kesho ufagio haushikwi, maana msafiri akitoka hakufagiwi nyuma yake siku hiyo. Na mimi sitawasha mashine, kidaka kianguke kinapotaka. Nyayo zako zitakaa pale kutoka ngazini mpaka barabarani, za kwenda tu, na sisi wawili tutazizunguka kama kuku wasiojua njia. Jioni upepo wa baharini utazichukua kidogo kidogo. Usigeuke nyuma kutazama majani, yamekatwa, nimeyakata jana mpaka kwa Shomari.

Kesho kutwa Bibi atafagia. Alfajiri inayofuata nitachuchumaa, nitaangalia pole pole, na nitamwambia kilichopita. Kama ni paka nitasema paka. Na kama si paka, Mwana, nitasema si paka.

Ni mimi baba yako, fundi,
Hapa Mwera.